Sufuria ya Mama Mkwe

Kwetu Bungoma, mwanamume hamtazami mama mkwe wake. Sisemi kwamba anaona haya kidogo au anainamisha kichwa, kama vijana wa siku hizi wanavyodhani. Hamtazami kabisa. Akimwona anakuja njiani, anaingia kichakani hata kama kuna siafu. Hali naye chakula katika nyumba moja, hampi mkono, halitamki jina lake. Wajukuu zangu hucheka wakisikia haya, nami huwaacha wacheke, maana hawajui yaliyonipata kule njia ya Endebess, mwaka ule mke wangu alipokuwa Bungoma kwa mama yangu akisubiri kujifungua mtoto wetu wa kwanza.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya hamsini. Nilikuwa fundi cherehani mjini Kitale, na mbali na hiyo cherehani kitu changu cha maana kilikuwa baiskeli. Baiskeli ndiyo iliyoniponza. Kanisani kwetu palikuwa na kundi la akina mama waliojitolea kuwapikia wazee na wagonjwa waliotoka hospitali wasio na mtu wa kuwatazama nyumbani. Kila siku isipokuwa Jumapili walikutana jikoni kwa mke wa mwinjilisti, wakapika uji wa wimbi wenye maziwa, mchuzi wa kuku, viazi vya kuponda. Kila sufuria waliifunga kwa kitambaa kizito na majani ya mgomba isipoe. Sisi wenye baiskeli tuliipeleka. Mimi nilipewa watu wa mjini, na kazi niliipenda. Kulikuwa na mzee mmoja aliyekuwa mpishi wa wazungu zamani, ambaye kila siku aliukosoa mchuzi na kila siku aliumaliza.

Mama mkwe wangu alikuwa mjane. Alikaa miaka mingi katika kambi ya vibarua kwenye shamba la mzungu mmoja, nje ya mji upande wa Endebess, na mke wangu alizaliwa humo humo. Sikuwa nimewahi kumwona uso, lakini sifa zake nilizijua. Mwanamke mkubwa, walisema, wa kujitwika gunia la mahindi bila kusaidiwa na mtu. Mwaka ule alishikwa na kichomi, akalazwa, akatoka akiwa hajiwezi. Wanawe wa kiume walikuwa mbali kwenye kazi zao. Binti yake ndiye huyo aliyekuwa Bungoma na tumbo limeshakuwa kubwa, hawezi kupanda lori. Kwa hiyo kanisa likaanza kumpelekea chakula, na aliyempelekea alikuwa mwuza maziwa mmoja aliyeishi upande ule. Halafu mwuza maziwa akaanguka na baiskeli yake akavunjika mkono.

Mke wa mwinjilisti akaniita, akanisukumia kikapu.

"Mama," nikamwambia, "huyo ni mama mkwe wangu."

"Najua. Si ndio vizuri?"

"Siwezi kumwona."

"Nani amesema umwone? Weka chakula, piga hodi, rudi. Ama unataka mama wa watu alale njaa juu ya mambo ya zamani?"

Alikuwa amelelewa misheni tangu utotoni, na mila zote kwake zilikuwa kazi ya shetani. Nilikasirika. Kilichonikasirisha zaidi ni kwamba alisema kweli na alijua amesema kweli. Nikafunga kikapu kwenye keria nikaondoka bila kuaga.

Nyumba yake ilikuwa ya mwisho kambini, imeegemea shamba la mahindi. Mbele ya mlango palikuwa na gogo la kukalia, na hatua chache kando yake ghala. Siku ya kwanza nilisimama mbali, nikakohoa kama mtu mwenye kifua kibovu, nikaweka sufuria juu ya gogo, nikakimbilia nyuma ya ghala na kugeuza mgongo. Jasho lilinitoka. Nilisikia mlango ukilia, miguu ikiburutwa, kifuniko kikifunguliwa. Kisha nikasikia sauti.

"Paka, ambia huyo ameleta chakula ati asante."

Kulikuwa na paka kweli, wa rangi ya majivu, mbavu nje, amekaa juani akijilamba. Sikujua nicheke au nitoroke. Mwishowe nikamwambia paka aseme karibu.

Basi ikawa desturi yetu. Hatukuzungumza sisi, alizungumza paka. "Paka, ambia yeye hawa watu wa kanisa wanaogopa chumvi." "Paka, uliza yeye kama kuna habari ya msichana wangu." "Paka, hiyo baiskeli inalia kama nguruwe, si atie mafuta?" Nami nilimjibu paka, mgongo wangu ukiwa umeegemea ghala, macho kwenye mlima ulioko upande wa machweo. Mama yangu mwenyewe hakuwahi kunitania hivyo. Nikaanza kumweka wa mwisho katika safari yangu ili nisiwe na haraka, na nilipofika nilikuta sufuria ya jana imeoshwa, imepinduliwa juu ya gogo. Nilipoiona tu, nilijua yuko salama.

Jambo moja sikulitambua mapema. Kabla ya kanisa kuanza kuleta chakula, majirani walikuwa wakimchungulia: huyu amletee maji, yule amwashie moto. Sasa walisema, "Huyo ana watu wa kanisa," wakaendelea na shughuli zao. Siwalaumu. Mavuno yalikuwa yameiva, na nyapara aliwatoa kambini alfajiri, hata Jumapili, akawarudisha jua likiwa limeshaufikia mlima. Mama aliyekuwa akimtekea maji alikwenda Bungoma kwenye matanga. Kambi mchana ilibaki na kuku.

Jumamosi moja nilipokohoa, mlango haukulia. Sauti ilitoka ndani: "Paka, ambia yeye aache hapo hapo. Nitachukua baadaye." Nilimwuliza paka kama kuna shida. Paka akajibiwa kwamba ni uchovu tu. Nikaenda zangu. Jumapili, kama kawaida, hatukupeleka chakula.

Jumatatu nilipopinda kona ya mwisho nikaiona sufuria juu ya gogo, na moyo ukatulia. Nilipokaribia nikaona haikupinduliwa. Ilikuwa imesimama wima, imefungwa kitambaa kile kile nilichokifunga mimi, na siafu wamepanda gogo wanaingia chini ya kifuniko.

Nikakohoa. Nikapiga hodi. Nikaita tena, kwa nguvu. Paka alikuwa mlangoni akilia.

"Paka!" nikasema, na sauti yangu haikuwa yangu. "Uliza mwenye nyumba yuko wapi!"

Nikatega sikio. Halafu, kutoka chini kabisa, kama mtu anayeongea akiwa amelalia shavu: "Paka. Ambia yeye asikuje."

"Paka, uliza kuna nini!"

"Nimeanguka. Jumamosi, nikienda kwa maji." Akapumua. "Nguo imeniacha. Asikuje. Aite wanawake."

Nilirukia baiskeli. Kambi nzima nilipita nikiita, hakuna aliyejibu. Nikashika njia ya trekta hadi walipokuwa wakivuna, na kila nilipopita safu moja ya mahindi niliona nyingine, mpaka nikaona lori na wanawake wameinama wakijaza magunia. Nyapara alisimama juu ya ngazi ya lori. Nilimweleza mbio mbio. Alikuwa mtu wa kabila la mbali, na kwake hayo yalikuwa maneno ya mlevi.

"Hapa hakuna mwanamke anatoka mpaka lori iende," akasema. "Wewe iko mikono, iko miguu. Ingia mwenyewe."

"Ni mama mkwe wangu!"

"Sasa?"

Nilitamani kumshusha kwenye ile ngazi kwa kola ya shati. Wanawake waliosikia walishaacha kazi, na mmoja wa kwetu, mtu mzima, akashika mdomo.

"Wewe, usiingie!" akasema. "Si mke yako ana mimba? Ukiona huyo mama namna hiyo, mtoto atazariwa anatetemeka. Mpaka uzee, bana, anatetemeka tu."

"Atakufa, mama."

"Ngoja lori iende. Tutakimbia sisi wote."

Lori lilikuwa halijajaa hata nusu. Nyapara akapiga kelele, na wanawake wakainama tena, yule mama akiniangalia kwa jicho la kunisihi. Niligeuza baiskeli.

Nilikuwa Mkristo. Nilibatizwa, nilisoma Biblia, na ungeniuliza mchana peupe ningekwambia hayo ya kutetemeka ni hadithi za kutishia watu. Lakini kichwa kilikuwa kikisema hivyo na tumbo likisema vingine. Nilipokuwa nikikanyaga pedali niliuona mkono wa mtoto wangu ambaye hajazaliwa, mkono wa mtoto wa fundi cherehani, ukijaribu kutunga uzi kwenye sindano na kushindwa. Niliogopa. Sijawahi kuogopa namna ile tena.

Nilifika mlangoni. Mlango wenyewe ulikuwa wa mbao, umerudishwa tu, ningeweza kuusukuma kwa kidole. Nilisimama nimeupa mgongo.

"Paka, ambia mwenye nyumba wanawake wanakuja lori likienda."

"Paka, sema atangoja."

Sauti ilikuwa imepungua kuliko nilipoiacha. Nikamwambia paka aulize kama kuna maji karibu naye. Jibu lilichelewa. "Debe limemwagika," akasema. Baadaye kidogo, "Ulimi umekauka." Kisha nikauliza jambo jingine, sikumbuki nini, na hakuna aliyejibu. Nikauliza tena. Nilimsikia paka akikwaruza mlango.

Hapo hasira ikanipanda. Mimi ni mtu wa hasira, mke wangu anaweza kuwaambia, ila nyingi hazina faida. Hii ilikuwa na faida. Niligeuka nikaukabili ule mlango.

"Mama!" nikapaza sauti. "Achana na paka! Nakwambia wewe! Unakufa hapo chini na mimi nimesimama na uji mkononi! Kesho nitamwambia nini binti yako? Ati nilikuwa na adabu?"

Nilikuwa sijawahi kumsemesha ana kwa ana. Maneno yalipotoka niliyaogopa mwenyewe. Nikadhani nimechelewa.

"Paka," akasema polepole, "ambia yeye afunge macho."

"Nimefunga!"

"Na kitambaa."

Nilifungua kitambaa cha sufuria niliyoileta siku ile. Kilikuwa na joto na unyevu wa uji. Nikakizungusha kichwani.

"Afunge mara mbili," akasema.

Nikafunga mara mbili. Nikasukuma mlango kwa goti, sufuria nimeikumbatia, nikaingia katika nyumba ya mama mkwe wangu kama kipofu anayeingia kwenye kisima.

Harufu ndiyo iliyonipokea kwanza. Jivu la baridi, ugonjwa, na mkojo. Sauti yake ilikuwa karibu na miguu yangu, upande wa kulia, na niliposogea huko akasema, "Hapana! Hiyo ni mafiga. Rudi." Niliweka sufuria chini, nikapiga magoti, nikatambaa nikipapasa udongo. Niligusa debe, likabiringika kwa kelele, paka akakimbia. Nilivua koti nikalirusha mbele.

"Limekufikia?"

"Bado. Sukuma kidogo. Tena. Hapo, hapo. Ngoja."

Nikangoja, nikimsikia akihangaika kujifunika kwa mkono mmoja, akipumzika, akihangaika tena. Hilo koti nililishona mwenyewe. Sikuwahi kuona likichukua muda mrefu hivyo kumvika mtu.

"Sasa," akasema.

Nilianza na uji, kwa kuwa kiu ndiyo ilikuwa ikimmaliza. Kijiko cha kwanza kiliingia puani. Cha pili kikaishia kidevuni. Akatoa mlio ambao nilidhani ni wa kukata roho, kumbe alikuwa akicheka, kicheko kikavu kilichogeuka kikohozi. "Juu," akasema. "Kidogo. Sasa leta." Nikamsikia akimeza. Mkono wangu ulikuwa ukitetemeka hata kijiko kikagonga meno yake, na nikawaza, tazama, kutetemeka kumeanza na mimi. Tuliendelea hivyo, yeye akinielekeza, mimi nikichota, mpaka sauti yake ikapata maji.

Lakini hakuweza kulala pale chini. Udongo ulikuwa na maji ya lile debe, na kifua chake kilikuwa kikikoroma. Nilimwambia nitambeba. Nikamwambia tena, na akaniambia kitanda kiko nyuma yangu, nigeuke nikiwa naye na nipige hatua ndogo ndogo.

Nilipitisha mkono chini ya magoti, mwingine chini ya mabega, nikainua.

Alipiga ukelele ambao naweza kuusikia hadi leo. "Bega! Hilo la kushoto, hilo bega!" Alikuwa ameangukia bega hilo Jumamosi, na mimi nilikuwa nimelibana. Nilishtuka, kichwa kikagonga kitu, na kitambaa kikapanda juu ya jicho moja. Mwanga uliingia. Kope zangu zilikuwa zimefungwa, lakini niliuona mwanga mwekundu kupitia ngozi. Nilijua nikifumbua tu nitaona kitanda kiko wapi, nitaona nilipomshika, yote yatakuwa rahisi, naye asingejua kwa kuwa alikuwa akilia kwa maumivu. Nilikaza macho mpaka nikaona nyota. Nikahamisha mkono chini ya lile bega, taratibu, kuelekea mgongoni, mpaka akanyamaza.

Ndipo nikatambua kwamba nimembeba, na kwamba hakuwa na uzito. Nilikuwa nimejiandaa kwa yule mwanamke wa kujitwika magunia. Nilichobeba kilikuwa koti langu na mifupa michache na joto la homa. Huyu ndiye mama ambaye mke wangu alikuwa akinisimulia kila jioni, na mke wangu hakuwa na habari.

Nikapiga hatua ndogo ndogo. Nikamlaza. Alinielekeza blanketi liko wapi, nikamfunika juu ya koti, nikamlisha uji uliobaki. Hakumtaja paka tena.

"Mkwe," akasema.

"Mama."

"Wanawake wakikuja nitasema nilipanda mwenyewe. Wewe ulikuwa nje. Uji ulisukuma na fimbo."

"Sawa."

"Hata msichana wangu asijue. Watasema mambo juu ya mtoto."

"Sawa, mama."

"Sasa toka. Koti nitatoa kwa dirisha."

Nilitoka nimetanguliza mikono, na bado nikagonga paji la uso kwenye mlango. Nilikaa juu ya gogo na kitambaa machoni, sikukumbuka kukifungua. Koti lilitupwa nje baada ya muda mrefu, likaangukia majani. Nililivaa likiwa limelowa.

Wanawake walikuja mbio jua likikaribia mlima, wakaniona nimekaa nje, wakaingia, nikawasikia ndani wakishangaa jinsi alivyopanda kitandani peke yake. Yule mtu mzima alipotoka alinitazama kwa heshima kubwa. "Wewe umelelewa," akasema. "Mwanaume mwingine angeingia." Habari ilifika kanisani, na hata mke wa mwinjilisti alikoma kunisema kwa siku chache. Kila aliponisifu mtu kwa adabu yangu nilitamani ardhi ipasuke.

Siku zile zile walimrudisha hospitali. Kabla hajatoka nikapata habari kwamba mke wangu amejifungua mtoto wa kiume, nikafunga kibanda nikapanda lori la kwenda Bungoma. Sikuuliza mtoto amefanana na nani. Niliomba nione mikono yake. Mama yangu alimfunua, na mikono ile midogo ikaruka, ikatetemeka, ikajikunja. Nikakaa chini.

"Anatetemeka," nikasema.

"Si tumemfunua kwa baridi?" mama yangu akanijibu kwa ukali. "Wote hutetemeka hivyo wakiwa wachanga. Wewe ulitetemeka kuliko huyu." Akamfunika, na mtoto akatulia. Miezi mingi baadaye bado niliikagua mikono ile kila nilipopata nafasi. Mke wangu alidhani ni mapenzi.

Mavuno yalipokwisha, wanawe walimtoa mama yao Kitale, wakamleta Bungoma kwenye boma la marehemu mume wake. Mke wangu akawa anakwenda kumwuguza na mtoto mgongoni. Siku moja aliniuliza, "Kule kambini alikuwaje? Alikuwa amekonda hivi?"

"Sikumwona," nikamwambia. Ilikuwa kweli, nami nikainuka nikatoka nje.

Hakupona. Kichomi kilirudi mvua ndefu zilipoanza, na safari hii hakikumwacha. Mke wangu alikuwa naye, ndilo lililonifariji. Alimshika mkono hadi mwisho.

Siku ya kuzika, mimi mkwe niliwekwa mahali pa wakwe, mbali, kando ya ua, na miiko yote ya mkwe ikiwa juu yangu. Watu walipanga mstari wakaingia ndani kumtazama. Walitoka wakisema amelala vizuri, uso umetulia, kama si yeye aliyeugua. Mimi nilimshika mwanangu nikatazama majani. Jeneza lilikuwa uani, halipiti mlangoni, kwa hiyo wanawe walikubaliana kumtoa ndani amefungwa shuka, waje wamlaze humo mbele ya watu. Kelele za kilio zilipozidi nilijua wanatoka naye. Nilipaswa kugeuka. Nilianza kugeuka.

Walikuwa wanaume wengi, wamemzunguka, wamekunja nyuso, wanatembea kwa kukokota miguu kana kwamba wamebeba mti. Walikuwa wamembana huku na huku wasimwangushe. Shemeji yangu mkubwa alikuwa upande wa kushoto, na mkono wake, mkono wa mtu wa kazi za nguvu, ulikuwa umelishika bega lile kupitia shuka na kulivuta juu.

"Si hapo!" nikasema.

Sikukusudia. Nilisikia sauti yangu ikipita juu ya vilio vyote, na vilio vikakatika. Wale wabebaji wakasimama. Wazee wa upande wao wakageuka kunitazama, mke wangu akanyanyua kichwa kutoka miguuni pa jeneza. Nilijua nimefanya nini, nilijua kila mtu pale Bungoma atajua kabla ya jua kuzama, na kwamba ahadi niliyompa nimeivunja mbele ya mwili wake. Sikuweza kunyamaza.

"Bega hilo linamwuma," nikasema. "Nilimshika hapo akalia. Pitisha mkono chini, mgongoni. Si mzito, hata kidogo si mzito."

Mwanangu alianza kulia mikononi mwangu. Shemeji yangu alinitazama kwa muda, machozi yakimtiririka na mdomo wazi, kama mtu aliyesikia jambo la aibu na hajui aanzie wapi kukasirika. Halafu akainama, akapitisha mkono wake chini, mgongoni, taratibu, na wakaendelea kumpeleka.